Safu ya Makosa

Jumapili, 6 Julai

Leo Shangazi amenikabidhi ukurasa. Kwa miezi mitatu niliyokaa kwake nimekuwa nikilisoma tu daftari la bustani, kama mtoto anayechungulia barua za wakubwa. Leo akaniwekea kalamu mezani akasema, "Zamu hii andika wewe. Mimi mkono umechoka."

Daftari linapita nyumba zote tisa za mtaa wetu. Kila nyumba hulilaza siku mbili, halafu hulipeleka kwa jirani wa kushoto, kwa hiyo hutuzunguka na kurudi baada ya siku kumi na nane. Kila ukurasa umepigwa mstari katikati: upande mmoja Kidokezo, upande wa pili Kosa. Huruhusiwi kuandika kidokezo bila kosa. Kanuni hiyo aliiweka Shangazi mwenyewe miaka mingi iliyopita, alipokuwa bado nesi hospitalini. Mpaka leo mtaa mzima unamwita Nesi.

"Mtu anayekuhadithia mavuno tu usimsikilize," anasema. "Mwulize kwanza kaua miche mingapi."

Nimeandika. Kidokezo: maganda ya mayai yaliyopondwapondwa kuzunguka shina la spinachi, konokono hawasogei. Kosa: nilizisia karoti kwenye trei kisha nikazihamisha, na zote zimeota miguu miwili kama suruali.

Shangazi aliposoma alicheka mpaka akashika mlango. "Umeshakuwa wetu," akasema.

Nimesoma tena nilichoandika mara nne, nikihofia tahajia.

Alhamisi, 10 Julai

Jua. Kazini hakuna jipya. Mafaili sitini na mawili yamepangwa.

Jumatatu, 21 Julai

Meneja wetu wa ofisi ya maji amenipa tangazo nilichape. Kuanzia kesho ni marufuku kumwagilia bustani kwa maji ya bomba. Atakayebainika atafungiwa maji mpaka mvua zinyeshe. Nilichapa nakala arobaini na kuzigonga mihuri bila kuwaza, kwa kuwa yalikuwa maneno tu.

Nilipofika mtaani tangazo lilikuwa limeshabandikwa kwenye nguzo. Jirani tunayemwita Tikiti alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni. Jina hilo alilipata mwaka alioleta tikiti maji moja kwenye toroli, akilipitisha nyumba kwa nyumba kama maharusi.

"Karani!" akaniita. "Mwambie bosi wako nyanya zangu hazijui kusoma."

"Nitamwambia, Baba."

"Mwambie na mimi pia nimesahau miwani."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ila nikageuka kwanza kuangalia kama hakuna mtu wa ofisini karibu.

Jumamosi, 2 Agosti

Udongo umepasuka. Shangazi amenifundisha kuvunja ukoko wa juu kwa uma wa zamani, kidogo tu, ili unyevu ulio chini usipate njia ya kutokea. Halafu tukafunika kwa nyasi kavu, unene wa kiganja. "Kidonda hukiachi wazi," akasema. Kila kitu kwake ni wodi.

Jumanne, 5 Agosti

Upepo na vumbi.

Jumatatu, 11 Agosti

Daftari limerudi kwetu. Nimelisoma nikiwa nimesimama.

Vidokezo ni vizuri kuliko wakati wowote. Mshonaji, mama wa nyumba ya tatu mwenye cherehani barazani, ameandika kwamba utambi wa kitambaa cha pamba ukitoka kwenye ndoo na kuzikwa kando ya mche huunywesha polepole siku nzima. Mwalimu wa hesabu amezika chupa zilizotobolewa, amechora na picha, amepima hadi umbali wa tundu na tundu. Mama Pacha anachuja maji ya kuoshea vyombo kwenye mchanga.

Ila safu ya makosa imenitia hofu.

Mshonaji: "Nimefungulia karoti bomba, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, kwa dakika kumi. Nilishindwa kuzitazama."

Mwalimu: "Nilikokotoa kwamba ndoo nne zinatosha hoho kumi na mbili. Hesabu ilikuwa sahihi, hoho hazikukubali. Nimeongeza kwa bomba, robo saa, kuanzia saa kumi na moja na dakika arobaini jioni."

Mama Pacha: "Nimewaogesha pacha bustanini, nikaacha bomba likaendelea kuoga peke yake."

Tikiti: "Bomba. Mara tatu. Sijutii."

Nyumba nane, makosa manane, mengine hadi saa na zao. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa Shangazi ulionyooka: "Bomba kwenye nyanya, asubuhi tisa mfululizo. Ni tamaa."

"Shangazi," nikasema, "haya hayakufaa kuandikwa."

"Kwa nini? Ndiyo kanuni."

"Mimi ninafanya kazi pale."

Akalifunga daftari akalipangusa jalada kwa kiganja. "Daftari hili halijawahi kutoka mtaa huu. Litoke lina miguu?"

Jumanne, 12 Agosti

Meneja ameniita. Mlango akaufunga yeye mwenyewe.

"Keti. Miezi yako sita ya majaribio inaisha tarehe thelathini Septemba. Natakiwa niandike kama uthibitishwe au la, na sijui niandike nini."

Nikasema najitahidi.

"Unapanga mafaili vizuri. Lakini hata kabati linapanga mafaili." Akalicheka neno lake, nami nikatabasamu, sijui kwa nini. "Unakaa ule mtaa wa bustani, siyo?"

"Ndiyo, Meneja."

"Bado ni za kijani?"

Nikautazama muhuri mezani kwake.

"Nimekuuliza rangi tu, binti. Mji mzima umekauka, mtaa mmoja una nyanya. Mtu mwenye macho ananifaa. Asiye nayo, wapo wengi mlangoni." Akafungua mlango.

Nilifika nyumbani nikamkuta Shangazi akichuma machipukizi yanayoota kwenye makwapa ya nyanya, yale yanayonyonya nguvu bila kuzaa. Nilimsimulia yote. Nilikuwa nimejizuia njia nzima, lakini nilipofika kwenye kabati nikalia.

Alinawa mikono, akanikalisha. "Baba yako alipokuleta hapa alisema nini? 'Dada, mtoto ameshika kazi, usimwache aidondoshe.' Sasa unadhani nitakaa tu nikuangalie?"

"Nitafanya nini, Shangazi?"

"Utakula. Halafu utalala. Mengine yana wenyewe."

Nimekula. Sijui ningekuwa wapi bila huyu mama.

Jumatano, 13 Agosti

Kazi nyingi. Shangazi ameshalipeleka daftari kwa jirani.

Jumatano, 20 Agosti

Andika tu, mkono, acha kuogopa.

Leo Meneja amenisomea majina nikachapa notisi za kusitisha maji. Karatasi aliishika kifuani kama mtu anayeficha karata. Jina, nyumba, zao, saa, muda. Alipofika kwenye karoti, dakika kumi, saa kumi na moja na kumi alfajiri, vidole vyangu vilisimama.

"Endelea," akasema. "Mbona unajua mwenyewe." Akanikonyeza, kama watu wenye siri moja.

Sikuelewa. Nikaendelea. Hoho, robo saa. Pacha. Mara tatu. Yalikuwa maneno ya daftari, ila bila utani. Notisi nane. Ya tisa, yetu, haikuwepo. Nilingoja, akakunja karatasi.

Aibu niiandike hapa kwa kuwa hakuna pengine: kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu.

Kila notisi ina mstari unaosema "Taarifa imetolewa na". Kwenye zote aliniambia niandike "Ofisi".

Zitapelekwa Jumatatu. Nina siku nne za kupiga hodi nyumba nane.

Alhamisi, 21 Agosti

Sikupiga hodi.

Ijumaa, 22 Agosti

Nilifika mpaka barazani kwa Mshonaji. Alikuwa anapindia suruali, pini mdomoni. "Mwanangu, karoti zako zimevua suruali?" akaniuliza. Nikasema bado. Nikaaga. Nikisema, atauliza nimejuaje, na Meneja atauliza nani kasema. Shangazi nilimweleza kila kitu jioni. Alisikiliza akaniambia, "Umechapa tu. Mchapaji hana kosa." Nimejaribu kuliamini hilo.

Jumatatu, 25 Agosti

Fundi wa mita alianza mwisho wa mtaa. Nilisikia rungu lake la chuma likigonga vifuniko, kimoja baada ya kingine, nami nikiwa nimesimama nyuma ya pazia nimeshavaa nguo za kazi.

Tikiti alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Mwalimu alitia sahihi na kuuliza kama "mpaka mvua" ni mvua ya milimita ngapi. Mshonaji aliisoma notisi yake kimya, halafu akasema kwa sauti ya kawaida tu, lakini mtaa wote ulisikia:

"Dakika kumi. Hizi dakika kumi nilizihesabu mimi. Sikumwambia mtu. Niliandika."

Fundi akafika mlangoni kwetu, akatazama orodha yake, akapita.

Watu nane wakageuka kutazama mlango wetu.

Jumapili, 31 Agosti

Kikao kilikuwa sebuleni kwa Mwalimu. Viti vilipangwa vikikielekea kimoja, na hicho kimoja kilikuwa changu. Shangazi aliketi karibu na dirisha, mkoba magotini.

Mwalimu ndiye aliyeanza, kwa upole, kama anayesahihisha mtihani. "Daftari lina nyumba tisa. Walioadhibiwa ni wanane. Kati ya hizo tisa, nyumba moja ina mtu anayefanya kazi ofisi ya maji. Mimi sisemi kitu. Nataja namba."

"Mimi nasema!" Tikiti akadakia. "Huyu mtoto kala kwangu! Hoho za kwangu! Kaja na trei yake ya karoti zenye miguu nikampa mbegu nyingine, bure! Kumbe anatuandika."

"Baba, sikuandika mimi," nikasema. "Naapa."

"Ulichapa au hukuchapa?" Mshonaji akauliza.

Niliutazama mlango.

"Nauliza, mwanangu. Zile karatasi nani kachapa?"

"Mimi. Nilisomewa nikachapa."

"Lini?"

"Jumatano ile."

Mama Pacha akapiga kofi paja. "Jumatano! Na Ijumaa ukaja barazani kwa huyu mama ukacheka naye! Mtoto una moyo wa jiwe wewe."

Nilisema yote niliyoweza: kwamba orodha sikuiona, kwamba Meneja aliishika kifuani, kwamba niliogopa. Nilijisikia ninavyosikika. Kila neno la kweli lilitoka kama la kubuni. Nikamgeukia Shangazi. Yeye alijua. Yeye ndiye niliyemwambia daftari lisiandikwe mambo yale, na jioni ya Ijumaa nilimweleza kila kitu. Nilingoja aseme sentensi moja tu: huyu mtoto siye.

Shangazi akasimama. Akawatazama wote, mmoja mmoja, kisha akatumia ile sauti yake ya kuingia wodini.

"Jamani," akasema, "mtoto ni mdogo. Msameheni."

Mshonaji akainamisha kichwa. Tikiti akasema, "Kwa heshima yako, Nesi, basi." Wakakubaliana daftari lisipite tena mikononi mwangu, likifika kwetu, alishike Shangazi peke yake.

Tukarudi. Njiani nikamwuliza, "Shangazi, mbona umesema nisamehewe? Nimefanya nini?"

"Ungetaka nibishane na watu wenye kiu?" akasema. "Neno la samahani linafunga kikao haraka."

Niliona ana hekima. Nilimshukuru. Nimeandika hapa kwamba nilimshukuru.

Jumatano, 3 Septemba

Nimesalimia watu watano. Aliyeitikia ni mmoja wa wale pacha, mama yake akamvuta mkono.

Jumamosi, 6 Septemba

Karoti za Mshonaji zimelala. Hoho za Mwalimu zimekuwa na makunyanzi zingali kwenye mti. Nyanya zetu zinaiva, nyekundu, na kila aupitaye ua wetu anazitazama. Nimemwomba Shangazi tuzivune tuzigawe mtaani. Amesema watu hawatazipokea kutoka kwangu.

Jumatatu, 8 Septemba

Joto. Mawingu kidogo saa tisa, yakapita.

Alhamisi, 11 Septemba

Faili la notisi za kusitisha maji limeletwa masijala, yaani mezani kwangu. Kila karatasi ya chanzo hutobolewa na kufungwa nyuma ya notisi yake. Ni kazi ya kitoto. Nimeshaifanya mara mia.

Karatasi ya chanzo ilikuwa moja kwa notisi zote nane. Imepigwa mistari kwa rula, safu wima tano, na saa zimeandikwa kwa tarakimu nne: 05:10. 17:40. 05:25. Nimeziona safu hizo maisha yangu yote. Ndivyo alivyokuwa akiandika homa yangu nilipokuwa mtoto, alipokuja kwetu kuniuguza, joto, saa, dawa, kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kitanda. Sifuri zake zina mkato ndani, ili daktari asizichanganye na herufi.

Tarehe juu: 13 Agosti. Jumatano niliyokuwa kazini, na asubuhi ile daftari lilikuwa bado halijaondoka kwetu. Lile la kwetu, asubuhi tisa mfululizo, halikunakiliwa.

Chini kabisa palikuwa na mwandiko wa Meneja kwa wino mwekundu: "Imeletwa na shangazi kwa niaba ya karani wa kumbukumbu. Karani huyu anafaa."

Niliitoboa matundu mawili, nikaifunga mahali pake. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo. Halafu nikaenda chooni nikakaa mpaka Dada wa mapokezi alipogonga.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Shangazi anamenya vitunguu. Sikukaa.

"Nimeona karatasi."

Hakuuliza karatasi gani. Kisu kiliendelea, halafu kikasimama.

"Wanaweka karatasi zote?" akasema.

"Ndiyo kazi yangu, Shangazi. Kuziweka."

Akaifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Ulikuwa unalia hapo kwenye kiti. Nilifanyaje? Nikaona: hawa watafungiwa wiki sita, nane. Mvua itanyesha, maji yatarudi, watapanda upya. Mboga hizo. Wewe ukifukuzwa nani atakurudishia kazi? Nilipima, nikachagua. Nimefanya hivyo miaka thelathini. Kitanda kimoja, wagonjwa wawili."

"Ulitumia jina langu."

"Kwa faida yako."

"Na ulisimama mbele yao ukaniombea msamaha! Kwa kosa lako!"

"Nao wakakusamehe, au hawakukusamehe?"

"Na sisi? Asubuhi tisa. Mbona hukutuandika?"

Akakitazama kitunguu. Halafu akasema taratibu, na nadhani ndilo jambo la kweli kabisa alilonena kiangazi hiki, "Niliona haya."

Alitaka kunishika mkono. Nimeingia chumbani kwangu. Nimeandika haya mlango ukiwa umefungwa, na nje anaita mara kwa mara kwamba chakula kinapoa, kwa sauti ileile aliyokuwa akiniitia nikiwa na miaka sita.

Ijumaa, 12 Septemba

Hatujasemezana.

Jumapili, 14 Septemba

Nilikwenda kwa Mshonaji nikamwambia ukweli, wote, na jina. Alinisikiliza huku mguu uko kwenye kanyagio la cherehani bila kulikanyaga.

"Una hiyo karatasi?"

"Iko kwenye faili. Faili halitoki ofisini."

"Aa." Akaokota uzi sakafuni. "Nesi alinishikilia mwanangu wa pili siku alipozaliwa hana pumzi. Kampulizia mdomo kwa mdomo. Na wewe, uliyekaa kimya siku nne, unaniletea jina lake mlangoni kwangu." Akaanza kushona. "Nenda, mwanangu. Usiongeze."

Jumanne, 16 Septemba

Hakuna.

Jumatatu, 22 Septemba

Barua imetoka mapema. Nathibitishwa kazini kuanzia tarehe mosi Oktoba, "kwa kuzingatia ushirikiano wako wa pekee katika kuwabaini wakiukaji." Pana nafasi ya sahihi yangu.

Nilimwambia Meneja orodha haikuwa yangu. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi niirudie.

"Ililetwa kwa jina lako."

"Bila mimi kujua. Naomba sentensi hii iondolewe, Meneja. Kama nathibitishwa, iwe kwa mafaili."

Alivua miwani. "Watu wanalia kupata barua hii. Wewe unaisahihisha?" Nikaisukuma barua upande wake. "Sawa. Sentensi ikitoka, barua nayo inatoka. Nakuongezea miezi mitatu ya majaribio, ujue unataka nini. Kuna lingine?"

Nilitaka kusema hakuna. Nikasema, "Lipo. Orodha haikukamilika. Ipo nyumba ya tisa."

Nilikaa mezani kwangu nikaichapa notisi yake. Jina la Shangazi. Nyanya. Asubuhi tisa mfululizo, bomba. Kwenye mstari wa "Taarifa imetolewa na" sikuandika Ofisi. Niliandika jina langu, lote, kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Meneja aliisoma, akatikisa kichwa akitabasamu. "Hata nyumbani kwako! Unaona? Nilisema unafaa." Hakuelewa chochote. Akatia sahihi.

Barua ya uthibitisho aliichana mbele yangu. Miezi mitatu mingine.

Ijumaa, 26 Septemba

Niliomba ruhusa ya kuchelewa kazini kwa saa moja ili niwepo. Sikutaka safari hii kusimama nyuma ya pazia.

Fundi wa mita aligonga kifuniko chetu. Mtaa ulitoka wote. Shangazi alikuja mlangoni na kanga ya nyumbani, mkono mmoja una udongo.

"Nani kakutuma?"

"Ofisi, Mama. Soma hapo, tia sahihi hapa." Na kwa kuwa Shangazi hakuwa na miwani, akamsomea yeye, kwa sauti ya watu waliozoea kusomea wazee. Nyanya. Asubuhi tisa. Taarifa imetolewa na. Akalitaja jina langu lote.

Shangazi alinitazama. Nimeuguzwa na macho hayo. Sijawahi kuyaona hayajui la kufanya.

"Kwa hiyo ni kweli wanavyosema," akasema.

"Sasa ndiyo ni kweli, Shangazi."

Rungu likagonga mara mbili. Mita ikasimama.

Nilidhani mtaa ungeelewa. Nilidhani mtu angehesabu: mbona anaripoti kwao leo, kama alikuwa anapaficha? Mwalimu angalau, mtu wa namba. Lakini nilisikia Mama Pacha akisema, "Hata shangazi yake! Anayemlea!" Tikiti akavuka barabara, akapita kando yangu kana kwamba mimi ni nguzo ile ya tangazo, akamshika Shangazi mabega. "Pole, Nesi. Pole sana. Tuko pamoja sasa."

Nilimtazama Shangazi. Mdomo wake ulifunguka. Nikangoja tena, Mungu anisamehe, nikangoja kama siku ile ya kikao.

"Asanteni," akasema.

Jumapili, 28 Septemba

Nimeanza kutafuta chumba cha kupanga. Shangazi ameninyooshea nguo za kazi, ameziweka kitandani, zimekunjwa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mawingu mazito tangu alfajiri, hakuna tone.

Nyumba tisa sasa tunachota kwenye bomba la umma mwisho wa mtaa. Linafunguliwa saa kumi na mbili na nusu, linafungwa saa tatu. Mimi kazini naingia saa mbili kamili. Nilifika na ndoo yangu nikakuta mstari umeshafika kwenye kona. Walikuwa wanaongea bustani: Mwalimu anasema hoho zikatwe matawi nusu, mizizi ibaki na kazi ndogo, Mshonaji anasema yeye kafukia kila kitu, anangoja. Shangazi alikuwa katikati yao. Wamempisha mbele, ndoo yake wamemshikia. Alimweleza Mama Pacha namna ya kuotesha mche wa nyanya kutoka kwenye chipukizi la kwapani, ulichomeke kwenye udongo wenye kivuli badala ya kulitupa, na wote wakainama kusikiliza. Nami nilijikuta nimesogeza sikio.

Nilipofika nyuma ya mstari mazungumzo yakakatika.

Ndoo ya Shangazi ikajaa. Akaifunika, akajinyoosha, akaniona. Akawaambia, kwa ile sauti ya wodini, laini, isiyokataliwa:

"Mpisheni mtoto apite. Ana kazi saa mbili."

Na wakasogea. Kwa heshima yake, mmoja mmoja, wakanifungulia njia mpaka bombani. Tikiti alisogeza hata ndoo yake kwa mguu. Walinitazama kama wanavyomtazama mtu anayesamehewa mara ya pili.

Nilibaki nimesimama.

"Pita, mwanangu," Shangazi akasema.

"Nitangoja zamu yangu."

"Utachelewa."

"Nitachelewa, Shangazi."

Njia ilibaki wazi kwa muda, halafu Mwalimu akakohoa, watu wakarudi mahali pao. Mbele yangu walikuwa kumi na wanne. Nilichota saa mbili na dakika ishirini na tano, nikabeba ndoo mpaka nyumbani bila kumwaga, nikabadilisha viatu. Kwenye daftari la mahudhurio Meneja alikuwa ameshapiga mstari mwekundu wa wachelewaji chini ya jina la mwisho. Niliandika langu chini ya mstari, na saa niliyofika, bila kupunguza hata dakika moja.